Bilauri ya Maji ya Chumba cha Juu

Shikamoo zenu nilizipokea na marahaba niliitikia, lakini swali lenu sikulijibu. Leo nalijibu.

Kwa wale ambao hawakuwepo, wiki iliyopita mjukuu wangu Idi alikuja hapa Temeke na wenzake watatu wanaosomea kazi za hoteli. Walikuwa na kijitabu chenye picha za meli za watalii, zile kubwa kama mtaa mzima, nao walikuwa wakibishana. Kijitabu kilisema abiria akinunua tiketi ya meli hizo, chakula kimo ndani ya tiketi. Lakini akitaka kula katika vile vyumba vizuri zaidi, analipishwa tena. Binti mmoja akasema huo ni wizi wa kisasa. Idi akanigeukia, "Eti babu, nyie enzi zenu kwenye meli kulikuwaga na mambo haya?" Nikafungua mdomo nijibu, nikaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe kilikuwa cha uongo. Nilikuwa nimemkumbuka mtu, na sikutaka mnione uso.

Si wa kisasa, wanangu. Mimi nimeuhudumia wizi huo miaka kumi na minne, wakati wa Mwingereza, nikiwa nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi na mkanda mwekundu kiunoni. Na kama ulikuwa wizi, basi waibiwa wengine walirudi kesho yake wakiwa wamechana nywele vizuri zaidi.

Meli sitaitaja jina, maana wenyewe wana wajukuu kama mimi. Ilikuwa meli ya abiria iliyotoka kusini, ikapita Beira, ikatia nanga Dar es Salaam, kisha Unguja, Tanga na Mombasa, halafu ikavuka bahari kwenda Bombay na kurudi. Abiria wa sitahani walibeba mikate yao au walijipikia. Aliyekata tiketi ya chumba alikula katika ukumbi mkubwa wa chini bila kuulizwa kitu, kwa sababu chakula alikilipia pamoja na nauli. Na juu kabisa, karibu na bomba la moshi, kulikuwa na chumba kidogo cha meza kumi. Sisi tulikiita Chumba cha Juu. Kula humo ni kulipa mara ya pili. Mlo mmoja wa mchana wa mtu mmoja ulikuwa kama nusu ya mshahara wangu wa mwezi.

Mke wangu Mwanaidi, bibi yake Idi, binti wa Kizaramo wa Mbagala, hakuamini hata kidogo nilipomsimulia. Alikuwa akichoma vitumbua vya kuuza. Akaacha kugeuza.

"Hebu ngoja, Baba Zuhura. Mtu kashalipa nauli?"

"Kashalipa."

"Na chakula chake kimo?"

"Kimo."

"Anakiacha, anapanda ngazi, anaenda kulipa tena?"

"Ndivyo."

"Huko juu kuna samaki gani ambaye chini hayupo?"

Hapo nikacheka, kwa sababu jibu nilikuwa nalo na lilikuwa la aibu. Samaki ni yuleyule. Alitoka kapu moja, soko moja, asubuhi moja. Chini alikatwa vipande akamwagiwa mchuzi mweupe. Juu aliletwa mzima kwenye sahani ndefu, kichwa na mkia, akaonyeshwa mgeni kwanza, ndipo akafunguliwa mbele yake kwa uma na kijiko.

"Yaani wanalipia kuonyeshwa kichwa!" Mwanaidi alicheka mpaka vitumbua viwili vikaungua. Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Basi na mie nataka nionyeshwe."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Tangu siku hiyo, kila niliporudi safari, kabla hajaulizia sukari wala kitambaa cha Bombay, aliniuliza, "Zamu yangu lini?" Ningempa nini? Siku zile mtu mweusi aliingia Chumba cha Juu akiwa amebeba sinia. Mlangoni hapakuwa na tangazo lolote la kumkataza, lakini kila mtu alilijua kama vile lilikuwepo.

Sasa niwaeleze aliyenifundisha kazi, kwa sababu bila yeye hamtaelewa kosa langu. Mkuu wa Chumba cha Juu alikuwa Mgoa mmoja, Bwana Inasi. Mtu mfupi, mguu mdogo kama wa mtoto, Kiswahili chake cha Unguja kimenyooka kuliko changu. Hakuwahi kumpigia mtu kelele. Ukikosea, alikutazama viatu. Ungependa akutukane.

Alinifundisha kubeba sahani tatu kwa mkono mmoja, nikizivunja kwanza. Alinifundisha kuwa kusi likivuma na meli ikianza kulala ubavu, unachukua maji kiganjani unakilowesha kitambaa cha meza, na sahani hazitelezi tena. Nyie hoteli zenu hazilali ubavu, lakini likumbukeni hata hivyo. Alinifundisha kutazama mikono ya wageni badala ya nyuso zao. Mwenye njaa hushika uma kabla ya wakati. Mwenye wasiwasi wa bei hushika mkate, kwa sababu mkate haulipiwi. Kuna bwana mmoja mwenye mashamba ya mkonge, mkono wa birika wa kupindukia, alikuwa akiagiza supu peke yake na kumaliza vikapu vitatu vya mkate. Siku ya nne Bwana Inasi akamletea supu na kikapu kimoja, akamwambia kwa heshima zote kwamba tanuri lina homa.

Lakini somo kubwa lilikuwa la maji.

"Salum," aliniambia, "wanaopanda ngazi hii si wote wanajua kuna malipo. Wengine wanadhani meli yote ni yao. Sasa wewe utafanya nini? Utamwambia mtu mbele ya mkewe kwamba hapa ni ghali?"

Nikasema hapana, hiyo ni kumwaibisha.

"Utanyamaza ale, halafu umletee karatasi?"

Nikasema hiyo ni mbaya zaidi.

"Basi fanya hivi. Mvutie kiti. Mmiminie maji, maji ni bure. Mwekee kadi ya vyakula upande wa kulia, bei iko chini pale, ataiona. Halafu ondoka kama umeitwa. Simama nyuma ya pazia, hesabu mpaka mia. Si tisini. Mia. Katika mia hiyo atasoma, atashtuka, atanong'ona na mkewe, ataamua. Ukirudi ukamkuta, huyo ni wako, mhudumie kama mfalme. Ukikuta kiti kitupu, chukua bilauri, kunja kitambaa, na usitazame mlangoni."

"Kwa nini nisitazame?"

"Kwa sababu bado yuko kwenye ngazi. Mkionana macho, mia yako yote imepotea bure."

Nimehesabu mia hizo mara ngapi, Mungu ndiye ajuaye. Nimekuta viti vitupu vya mabwana wakubwa wenye viatu vya kung'aa, na jioni nikawakuta ukumbini chini wanakula samaki wa vipande, wananisalimia kwa furaha kabisa. Hawakujua kwamba najua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi, na niliipenda.

Baadaye mbinu zilibadilika. Zamani mgeni alilipa palepale, fedha kwenye kisahani, akasikia uchungu wake mara moja. Kisha zikaja karatasi: unakula, unatia saini na namba ya chumba chako cha kulala, unaenda zako. Hesabu utaikuta kwa karani wa meli siku ya kushuka. Bwana Inasi hakuzipenda karatasi hizo. Alisema sasa tuhesabu mia mbili.

Miaka ikaenda. Binti yetu Zuhura akakua, akaanza shule. Watu wakaanza kusema waziwazi mambo ya uhuru, na wenye meli nao wakaanza kuona haya kidogo. Abiria weusi wakaonekana mmojammoja katika vyumba vya daraja la pili. Mwaka huo Bwana Inasi alikuwa anajiandaa kustaafu arudi kwao Goa. Asubuhi moja tunakunja vitambaa, akaniuliza, "Yule mke wako bado anataka kuona kichwa cha samaki?"

Alikwenda mwenyewe kuzungumza na karani wa meli. Sijui alimwambia nini, lakini alirudi na karatasi yenye saini. Ruhusa ya mara moja tu: mke wa mhudumu Salum atasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa, daraja la pili, na mchana wa siku ya kwanza yeye na mumewe watakula Chumba cha Juu, mume akiwa amevua kanzu ya kazi. Gharama yake nikakatwa kidogokidogo kwenye mshahara kwa mwaka mzima. Safari ikapangwa iwe baada ya makato kwisha, meli ikirudi kutoka kusini.

Nilipomwambia Mwanaidi, aliinuka palepale. Aliingia ndani, nikasikia anafungua sanduku. Alishona gauni la bluu. Alinunua viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi, akawa anatembea navyo uani kila asubuhi avizoee, akizunguka kisima huku majirani wakimchungulia. "Mama Zuhura, unakwenda Ulaya?" "Naenda kuonyeshwa kichwa!" Temeke nzima ilikuwa inajua.

Nilibakiza safari moja tu kabla ya yake.

Mchana wa safari hiyo, tumeng'oa nanga Dar es Salaam saa chache zilizopita, nikasikia hatua kwenye ngazi. Wakaingia watu wawili weusi. Bwana mmoja wa makamo, suti ya kijivu, kofia mkononi, na mkewe katika gauni la maua na kitambaa cheupe kichwani. Walikuwa abiria wa kwanza wa rangi yetu kuingia chumba kile kwa miguu ya wageni. Uma zilisimama meza zote. Bibi mmoja mzee wa Kizungu aligeuza kiti chake atupe mgongo.

Nami, badala ya kuvuta kiti na kumimina maji nikanyamaza, moyo ulinipanda. Niliwaendea mikono miwili mbele.

"Karibuni! Karibuni sana, mwalimu!" Sikumjua, lakini ualimu wake ulikuwa umeandikwa kwenye kola. "Mie Salum, wa Temeke. Kaeni, kaeni hapa dirishani. Hapa ni kwenu."

"Ahsante sana, bwana," alisema. Lafudhi yake ilikuwa ya bara, ya upande wa ziwa. "Mimi ni Mwalimu Gaspari, nafundisha upande wa Pugu. Huyu mke wangu, Mama Roza. Ofisi imenituma Mombasa, na safari hii imetupa tiketi ya chumba. Tumeambiwa chakula kimo."

Kimo. Nilisikia neno hilo vizuri kabisa. Bwana Inasi alikuwa upande wa pili anamfungulia mtu samaki. Kadi ya vyakula ilikuwa mkononi mwangu, bei yake chini. Kilichotakiwa ni kuiweka pale kulia na kwenda nyuma ya pazia.

Sikuweza. Sisi watu wa pwani tumelelewa hivi: ukishamwambia mtu karibu, ukishamwambia hapa ni kwenu, huwezi tena kumwekea bei mbele yake. Mkono haufiki. Na hawa walikuwa watu wa kwetu, chumba kizima kinawatazama, niwape kadi wahangaike nayo mbele ya yule bibi? Nikaikunja ile kadi kwa mkono wangu mwenyewe nikaitia mfukoni. "Ya nini hii," nikasema, "mie nitawaletea vizuri vyote."

Mama Roza alifumba macho akaomba kimoyomoyo, akafanya ishara ya msalaba. Nikawaletea supu. Nikawaletea samaki mzima, kichwa na mkia, nikamwonyesha mama kwanza kama ilivyo desturi. Akamtazama yule samaki, akanitazama mimi, akacheka. "Amenuna," alisema. Nikamfungulia. Alipofika kichwani aliweka uma chini, akala shavu la samaki kwa vidole, polepole, kama anayejua pazuri ni wapi. Nilisimama pale na sahani zangu nikawa namwona Mwanaidi. Kila nilichomletea yule mama nilikuwa nakijaribu kwa ajili ya wangu. Ndiyo maana nilileta nyama ya kuchoma, na ndiyo maana nilileta vitamutamu vya aina mbili.

Mwisho ikaja karatasi ya saini. Nilimpa mwalimu na kalamu. Aliivaa miwani, akaandika muda mrefu kidogo, akainuka, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Bwana Salum, ukarimu huu hatutausahau." Wakashuka ngazi taratibu, mama ameshika ukuta kwa kushiba.

Nikaitazama karatasi. Alidhani ni kitabu cha wageni. Kwa mwandiko mzuri wa ubaoni alikuwa ameandika: Tumekula tumeshiba, Mungu awazidishie. Chini yake jina lake na la mkewe. Bei hakuigusa hata kwa macho.

Karani wa meli aliniita kabla sijakunja vitambaa. Bwana Inasi alikuwepo, anatazama viatu vyangu.

"Nani amewaambia wale hapa ni bure?" karani aliuliza.

"Hakuna aliyewaambia, bwana."

"Kadi waliiona?"

Nikaitoa mfukoni. Ilikuwa imekunjika mara nne.

Akasema hana ugomvi na mimi. Atamwita mwalimu mezani kwake pale ukumbini, alipe. Akishindwa, mizigo yake itazuiwa Mombasa mpaka ofisi yake ijibu barua. Nikaiona picha yote: ukumbi umejaa, yule bibi aliyetupa mgongo amegeuka sasa kutazama, Mwalimu Gaspari anapapasa mifuko ya suti ya kijivu, na Mama Roza amesimama pembeni anajuta kila tonge.

"Kosa ni langu," nikasema. "Nitalipa mie."

"Kwa mshahara gani? Ulishakatwa."

Kweli nilishakatwa, na yeye ndiye aliyekata. Kilichobaki mkononi mwangu kilikuwa kimoja.

"Ile ruhusa ya mke wangu," nikasema. "Andika imeshatumika. Meza ya watu wawili, na nauli yake ijazie zilizopungua."

Karani akashika kalamu. Bwana Inasi ndipo akaniinulia macho. "Salum," alisema taratibu, "hesabu mia kwanza."

Nikahesabu, wanangu. Nilisimama pale ofisini nikahesabu moja mpaka mia, na kote humo nilikuwa nasikia viatu vyeusi vinazunguka kisima. Nilipofika mia nikasema, "Andika."

Nilihamishwa siku ileile kwenda ukumbi wa chini, kwenye samaki wa vipande. Bwana Inasi alishuka Bombay safari hiyo hiyo. Mkuu mpya hakuwa mtu wa kutoa ruhusa kwa mtu yeyote.

Niliporudi Temeke, Mwanaidi alikuwa amekaa barazani amevaa viatu. Nilimweleza yote bila kupunguza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Umewapa watu meza yangu," alisema.

"Nimewapa."

"Watu usiowajua."

"Siwajui."

Akavua viatu kimoja kimoja, akavipangusa kwa kanga, akaingia navyo ndani. Nikasikia sanduku linafungwa. Siku mbili hakunisemesha. Chakula alinipa, tena kizuri, lakini alikiweka na kuondoka. Ningependa anitazame viatu kama Bwana Inasi. Majirani walipouliza safari lini, aliwajibu kwamba bahari imechafuka.

Siku ya tatu, anachoma vitumbua, akauliza bila kugeuka, "Walishiba?"

"Walishiba sana."

"Yule mama alipenda nini?"

"Shavu la samaki. Alilila kwa vidole."

Akageuza kitumbua. "Huyo anajua kula," alisema. "Haya, nieleze. Anza na supu." Nikamweleza sahani moja baada ya nyingine, naye akiniuliza chumvi, akiniuliza moshi, akiniuliza nyama ilikuwa ya mnyama wa namna gani. Tulimaliza vitumbua vimepoa.

Wiki kadhaa zikapita. Asubuhi moja mtu wa baiskeli akasimama nje akiuliza nyumba ya Salum wa meli. Alikuwa ametoka Pugu. Amefunga jogoo mmoja mkubwa mwekundu kwenye kiti cha nyuma, na barua. Mwalimu Gaspari anatushukuru kwa ukarimu wa siku ile na anatukaribisha kwake. Nilimsomea Mwanaidi. Alimzunguka yule jogoo akimkagua.

"Huyu," alisema, "ndiye kuku ghali kuliko kuku wote wa Tanganyika. Ijumaa umchinje. Halafu uniandikie meza."

Nilidhani anatania tena. Nilikuwa bado sijajifunza.

Ijumaa baada ya swala nilitoa kanzu yangu ya kazi. Meza ilikuwa sanduku la chai lililogeuzwa, kitambaa kilikuwa shuka. "Kiloweshe," aliniambia kutoka ndani, "bahari ikichafuka je?" Nikalowesha. Kuku alikuwa mzima kwenye sinia, na kichwa chake, kwa amri ya Mwanaidi. Akatoka amevaa gauni la bluu na viatu vyeusi. Nikamvutia kiti. Nikammiminia maji. Nikamwekea kadi upande wa kulia, niliyoiandika kwa penseli: Kuku mmoja, bure.

Akaisoma akanirudishia. "Bure sitaki. Huko juu watu wanalipa."

Nikafuta, nikaandika: Kuku mmoja, kitumbua kimoja.

"Sawa. Sasa ondoka uende ukahesabu."

Nilikwenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na kisima nikahesabu mpaka mia, watoto wa jirani wakinicheka juu ya ua. Niliporudi alikuwa amekaa palepale, mgongo wima, kitambaa mapajani.

"Bei nimeiona," alisema. "Siondoki."

Tulifanya hivyo kila Ijumaa niliyokuwa nchi kavu. Nilipoacha meli tulifanya Ijumaa zote. Uhuru ulipokuja tulifanya, Zuhura alipoolewa tulifanya, nyama ilipokosekana tulifanya kwa dagaa, na dagaa nao aliwataka na vichwa. Kitumbua changu alinilipa kila mara, na mara nyingine aliongeza cha pili akasema ni bakshishi. Siku moja tu nilirudi nikakuta kiti kitupu. Nikashtuka nikatazama mlangoni, naye akatokea nyuma ya mtungi akicheka mpaka akashika mbavu. "Umetazama! Umetazama mlangoni! Bwana Inasi angekufukuza!"

Sasa swali lenu. Mnaniuliza kama ni haki kumlipisha mtu tena kwa chakula ambacho chini anakipata bure. Mimi sijui. Samaki ni yuleyule, hilo nimewaambia. Ila nilimwona Mama Roza akila lile shavu, na nilimwona mke wangu akikaa wima mbele ya sanduku la chai, na siwezi kuwaambia kwamba hakuna kilichokuwa pale zaidi ya samaki. Nyie mtakaosimama kwenye vyumba hivyo, wekeni kadi yenu kulia, bei ionekane, muwape watu maji na nafasi ya kuondoka bila kutazamwa. Wakiwa watu wa kwenu, wapeni nafasi ndefu zaidi. Mimi siku ile ningehesabu mia, mke wangu angekaa kwenye kiti cha kweli. Nilimpa kila kitu isipokuwa kile alichoniomba. Hilo linaniuma mpaka leo, na wala sitaki liache.

Mwanaidi amefariki mwaka wa nne sasa. Zuhura ananiambia, "Baba, acha hayo, utajiumiza." Lakini Ijumaa baada ya swala bado natandika shuka. Nalowesha. Namimina maji, naweka kadi kulia, nakwenda nyuma kwenye kisima nahesabu mpaka mia, si tisini. Nikirudi nakuta kiti kitupu. Nachukua bilauri, nakunja kitambaa. Mpaka hapo nafanya kazi kama nilivyofundishwa.

Lakini mlangoni, wanangu, natazama.